Sakafu laini isifiche ngama

Mtu anayetaka kununua mashua, au hata kuikodi kwa siku moja tu, aghalabu hutazama injini, akatazama rangi, kisha akauliza inabeba watu wangapi. Ni wachache mno wanaoinama kukagua sakafu ya kile chumba kidogo cha chini ambamo abiria hujikinga na jua na mvua. Ilhali hapo ndipo watoto wanapolala safari ikiwa ndefu, ndipo chai inapomwagika wimbi likipiga, na chini yake ndipo ilipo ngama, yaani tumbo la chombo ambamo maji yote yanayopenya hukusanyika.

Huenda, ndugu msomaji, ukajiuliza mkazi wa Buruburu au mwanafunzi wa bweni ana haja gani na sakafu ya mashua. Haja ipo. Ile mikeka ya povu yenye meno ya kushikana, ambayo wazazi wengi mjini hutandika sebuleni ili mtoto anayetambaa asiumize magoti, ni jamaa moja na povu linalotandikwa vyomboni. Tofauti ni kwamba nyumbani aliyechagua vibaya hulipa kwa harufu mbaya tu. Baharini malipo ni mengine, na familia yetu nusura iyalipe.

Baba yangu mdogo ana mashua ya faiba yenye urefu wa futi 28, ambayo huitia nanga katika mkono wa bahari wa Mtwapa. Aliinunua ikiwa kuukuu baada ya kustaafu. Kazi yake ni kutembeza familia na wageni: kuvua kwa mshipi, kutazama matumbawe, na kurejea kabla ya jua kutua. Mashua hiyo imelipa karo ya watoto wake wawili hadi wakamaliza chuo. Hata hivyo, nguzo ya biashara haikuwa injini wala nahodha. Ilikuwa mama mdogo. Yeye ndiye aliyepika pilau ya safari, ndiye aliyekaa chumbani na akina mama walioshikwa na kichefuchefu, na ndiye aliyewabembeleza watoto walioogopa mawimbi. Watu wakishaona kuna mama chomboni, hofu huwatoka.

Siku moja mwaka 2022 mama huyo aliteleza. Sakafu ya chumba ilikuwa plaiwudi iliyopakwa rangi ya mafuta, na rangi ya mafuta ikilowa hugeuka ngozi ya kambare. Aliangukia nyonga. Mfupa haukuvunjika, lakini alikaa wiki tatu bila kuinama, na alipopona akatoa kauli moja tu: "Mimi na chumba kile tumeachana. Siku mtakapotia sakafu ambayo mtu wa miaka sitini anaweza kuikanyaga kwa mguu uliolowa, niiteni."

Kauli hiyo ilimkaa rohoni baba mdogo, hasa alipoona wateja wenye watoto wanapungua. Akamwendea fundi mmoja wa viti na magodoro. Fundi hakuchelewa. Alileta sponji ya godoro yenye unene wa inchi moja, juu yake akaweka zulia la kijivu, na vyote akavigandisha kwa gundi kutoka ukuta hadi ukuta. Kazi iliisha kwa siku moja. Wageni walioingia walisema chumba sasa ni kama cha hoteli. Mama mdogo alikuja, akakanyaga, akabonyeza kwa kisigino, akatoka. "Hii itakunywa maji," alisema, na hakupanda tena.

Ilikunywa kweli. Ili kuelewa sababu, yafaa kwanza tujue povu ni kitu gani.

Povu lolote la kutandika ni plastiki au mpira uliojazwa viputo vya hewa. La muhimu ni kujua kama viputo hivyo vimefunguliana au vimefungwa. Sponji ya godoro, ambayo hutengenezwa kwa poliyurethani, ina viputo vilivyofunguliana mithili ya nyumba yenye vyumba visivyo na milango. Hewa huingia na kutoka, na ndiyo maana godoro hubonyea likarudi katika umbo lake. Lakini palipopita hewa maji nayo hupita. Aina ya pili ina viputo vilivyofungwa, kila kimoja chumba chake na kufuli lake. Maji hulowesha uso, yakaishia hapo. Povu linaloitwa EVA ni la aina hii ya pili, na bila shaka unalijua hata kama hulijui kwa jina. Ndara nyingi za bei nafuu, ambazo wengine huziita patipati, hutengenezwa kwa EVA, na ndiyo sababu ndara ikianguka majini huelea kwa siku nyingi bila kuzama.

Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa hilo, kwani ndara zilizotupwa mbali huletwa fuoni kwao na mikondo ya bahari. Mwaka 2018 mafundi wa huko walizindua jahazi dogo lenye urefu wa mita 9, lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyotupwa na kuvikwa ndara zipatazo 30,000. Liliitwa Flipflopi, na mapema mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi. Ndara ambazo mawimbi yalikuwa yamezichezea zikafaa bado kuvika chombo. Hapo mtu huona ubora wa povu hilo, na papo hapo huona madhara yake: halinywi maji, lakini pia haliozi upesi likitupwa.

Sasa nirudi Mtwapa. Mwezi Desemba mwaka 2023, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tuliteremka pwani kwa likizo. Zulia la fundi lilikuwa limetimiza karibu mwaka mmoja. Kwa macho lilikuwa zuri bado, ila harufu ya chumba ilikuwa kama ya nguo zilizoachwa kwenye beseni kwa juma zima, na katika pembe kulikuwa na ukungu mweusi. Tulitoka asubuhi, bahari ikiwa shwari ya kaskazi, tukaelekea upande wa Vipingo. Kabla ya adhuhuri binti yangu mdogo alitoka chumbani akasema, "Baba, zulia linacheka." Nilipokanyaga nilimwelewa. Kila hatua ilitoa sauti ya maji.

Pakingi ya shafti ya injini ilikuwa imelegea, na maji yakiingia kidogo kidogo. Hilo peke yake si jambo la kutisha. Kila chombo chenye shafti kina pampu ya kuyatoa maji ya ngama. Lakini pampu ilikuwa ikiunguruma bila kutoa kitu. Baba mdogo alitaka kufunua kifuniko cha ngama kilicho katikati ya sakafu ya chumba. Kifuniko hakikuonekana. Kilikuwa chini ya zulia, chini ya sponji, kimegandishwa na gundi pamoja na pete yake ya kuinulia. Ilimbidi apige magoti, apapase kwa viganja akitafuta ukingo, kisha achane kwa kisu cha samaki. Mke wangu alikuwa juu sitahani akiwafunga watoto jaketi za kuokolea maisha, akiwaimbia ili wasione anavyotetemeka mikono. Zilipita dakika kumi kabla ya kifuniko kuinuka. Dakika hizo zote hatukuwa tukipigana na bahari. Tulikuwa tukipigana na zulia.

Ndani ya ngama maji yalikuwa yamefika karibu na mbao za sakafu. Mdomo wa pampu ulikuwa umezibwa na chembechembe za sponji, zile zilizodondoka siku fundi alipokuwa akikata na nyingine zilizomomonyoka baadaye. Tulizitoa kwa vidole, tukafua maji kwa ndoo, baba mdogo akakaza pakingi, nasi tukageuza omo kuelekea nyumbani. Hatukuwa tumezama wala karibu ya kuzama. Lakini kama bahari ingekuwa ya kusi, sijui ningewaambia nini wakwe zangu.

Tulipong'oa zulia lote siku iliyofuata, tulikuta plaiwudi imelainika kiasi cha kuingia ncha ya bisibisi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sponji ile ilikuwa imeuficha uchi wa chombo hata mwenyewe asiuone. Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni kwamba maji ya mvua huozesha mbao zaidi ya maji ya bahari, kwa kuwa chumvi huzuia kuvu wanaokula mbao. Paa la chumba lilikuwa likivuja penye dirisha wakati wa masika, sponji ikayashika maji hayo matamu na kuyakumbatisha na mbao kwa miezi. Ubao ukishapita kama asilimia 20 ya unyevu, na ukakaa hivyo, kuvu hupata makao.

Baba mdogo hakukata tamaa. Alinipigia simu nilipokwisharejea Nairobi: "Mwanangu, huko kwenu kuna maduka ya kila namna. Nitafutie povu lisilonywa maji. Na usiniletee maneno ya muuzaji, niletee kipande."

Nilizunguka Industrial Area na baadhi ya maduka ya mjini, nikaomba vipande vya majaribio. Majaribio yenyewe ni rahisi, na yeyote anaweza kuyafanya jikoni. Kata kipande kiwe na ubavu mpya, kwa maana uso wa juu huweza kuwa umelainishwa ukadanganya. Kipime kwa mizani ya jikoni. Kizamishe kwenye beseni chini ya jiwe usiku kucha. Asubuhi kifute, ukipime tena, halafu ukibane. Povu lenye viputo vilivyofungwa huwa na uzito karibu uleule. Sponji huwa imelewa chakari.

Jaribio la pili ni la kisigino. Weka mguu wa kiti juu ya kipande, kalia kiti, soma gazeti kwa saa moja. Ukiinuka na shimo libaki palepale hadi kesho, povu hilo ni jepesi mno. Mikeka ya watoto hushindwa hapa. Ni EVA pia, lakini imejazwa hewa nyingi na plastiki kidogo, maana imekusudiwa kubeba mtoto, si abiria wanaopanda na kushuka siku nzima. Povu la vyomboni huwa zito na gumu zaidi, na unene wake aghalabu ni milimita 5 au 6. Wengine hudhani kadiri linavyonenepa ndivyo linavyofaa. Sivyo. Likinenepa sana mlango haufunguki, dari inakaribia kichwa, na ukingo wake unakuwa kikwazo cha kumwangusha mtu.

La tatu ni kuteleza. Mimina maji ya sabuni juu ya kipande, ukanyage kwa mguu mtupu. Uso wenye mifereji au vijinundu vidogo hushika unyayo. Uso laini unaong'aa ni rangi ya mafuta iliyobadilisha jina.

Kuhusu rangi, baba mdogo alitaka nyeusi kwa kuwa haionyeshi uchafu. Nilimshauri kijivu hafifu. Rangi nyeusi penye jua la dirishani hupata moto wa kuunguza nyayo, na EVA haipendi joto: hulainika, hufifia, na baadhi yake husinyaa hadi nyufa zikatokea baina ya vipande. Isitoshe, sakafu isiyoonyesha uchafu haionyeshi maji wala mafuta ya injini pia.

Kazi ya kutandika tuliifanya wenyewe mwezi Agosti 2024. Plaiwudi iliyooza ilitolewa, mpya ikapakwa rangi pande zote mbili pamoja na kingo, maana ubao hunywa maji zaidi mwishoni mwake. Tulikata ruwaza kwa magazeti ya zamani yaliyounganishwa, tukayalaza sakafuni, tukakunja penye kila pembe na nguzo, ndipo tukayahamishia juu ya povu. Wembe uwe mpya. Wembe butu huchana povu badala ya kulikata. Kando ya ukuta tuliacha nafasi ya milimita chache ili povu likitanuka kwa joto lisijikunje.

Suala la gundi lilizua mjadala. Povu la vyomboni huuzwa aghalabu likiwa na gundi mgongoni, na kwenye sitaha ya juu hilo ni jambo jema, kwa kuwa upepo hauwezi kulipeperusha. Sakafu yake husafishwa, hufutwa kwa spiriti, huachwa ikauke, kisha povu hubandikwa kuanzia katikati kwenda kandoni ili hewa itoke, na haikanyagwi kwa siku nzima. Lakini chumbani baba mdogo alikataa katakata. "Sitagandisha tena kitu juu ya ngama yangu," alisema. Tukatandika vipande vinne vilivyoshikizwa kwa velkro kandoni tu, na kifuniko cha ngama kikapata kipande chake peke yake, pete ikiwa wazi. Kwa hiyo hatukuhitaji gundi ya kopo hata tone moja. Hilo nalo ni salama, kwani mvuke wa gundi na wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama ngamani, na hungojea cheche.

Na tukitaja cheche, povu si la kuwekwa karibu na jiko wala injini. Sponji hushika moto upesi, na moshi wake una sumu kali, zikiwemo kaboni monoksidi na sianidi. EVA nayo huungua. Chini ya jiko la mashua ile pamebaki bamba la chuma tupu.

Utunzaji wake si kazi kubwa, ila hautaki kusahauliwa. Kila baada ya safari povu husuuzwa kwa maji matamu, kwa sababu chumvi ikikauka juu yake huendelea kuvuta unyevu hewani, na sakafu haikauki kamwe. Hufuatia sabuni hafifu na brashi laini. Petroli, thina na dawa kali za kung'arisha hazigusi povu; hulilainisha au kulipausha. Mafuta ya samaki na ya injini hufutwa palepale. Mara moja kwa juma vipande vyote huinuliwa, hufutwa chini, na husimamishwa kivulini wala si juani, hali milango na madirisha yakiwa wazi ili mbao zipumue. Na vipande vilivyobaki baada ya kukata havitupwi ufuoni. Vyetu viligeuzwa vikalio vya watoto na vya kuzuia milango isigonge.

Wewe mkazi wa mjini mwenye mikeka ya meno sebuleni, jifanyie hisani. Iinue mara moja kwa juma. Chini yake utakuta maziwa ya juzi, mchanga, na pengine unyevu unaopanda kutoka kwenye saruji ya chumba cha chini. Mtoto anayekohoa kila asubuhi huenda analala juu ya jambo ambalo hujaliona. Na wewe mwanafunzi unayenunua kipande cha sponji cha kutandika bwenini, ujue kitakachoingia humo hakitatoka kwa kufutwa.

Mama mdogo aliitwa siku ya Jumamosi. Alifika na ndoo ya maji, akaimwaga chumbani bila kumwomba mtu ruhusa, akavua viatu, akatembea huku na huku. Kisha akainama polepole, akakishika kile kipete, akainua kifuniko, akatazama ngamani. Palikuwa pakavu. "Mmechelewa," alimwambia mumewe, "lakini mmefika." Tangu hapo amerudi kazini, na pilau haipakiwi chomboni kabla yeye mwenyewe hajakifunua kifuniko hicho akatazama chini. Wageni wapya humshangaa. Wale wa zamani huwaita watoto wao waje watazame naye.